Teke la Bi Harusi

Mama alipojua, hakupiga kelele. Angepiga kelele, Penseli angejua la kufanya: angeinamisha kichwa, angesubiri upepo upite. Lakini Mama aliendelea kushona. Mguu wake ulikanyaga cherehani kwa mwendo uleule, kitambaa kikawa kinapita chini ya sindano, na bila kuinua macho akauliza:

"Ni kweli unakwenda kwenye mabanda ya farasi?"

"Nakwenda kuchora, Mama."

"Sijauliza unakwenda kufanya nini. Nimeuliza kama unakwenda."

"Nakwenda."

"Na huyo kijana anayewapigilia viatu?"

Penseli hakuuliza nani aliyesema. Muuza vitambaa wa nyumba ya pili alikuwa na jicho kwenye kila dirisha na ulimi usiojua likizo.

"Anataka kuja kujitambulisha," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwambia angoje kwanza."

Cherehani ikasimama.

"Baba yako alitoka humu ndani asubuhi, amekunywa chai yake yote," Mama alisema. "Akarudishwa amefunikwa shuka. Farasi aliruka, akamwangusha, gurudumu la mkokoteni wake mwenyewe likampitia. Wewe hukumbuki, ulikuwa mgongoni kwangu. Mimi nakumbuka. Mtu wa farasi havuki kizingiti changu tena. Na kwa kuwa naona wewe huwezi kumwambia, nitamwambia mimi, ana kwa ana."

"Mama, usiende kule."

"Kwa nini nisiende? Kuna nini kibaya kule?"

Mama akarudi kwenye pindo lake.

Jina hilo la Penseli alipewa na watu wa mtaani. Tangu alipokuwa mdogo hakuonekana bila penseli sikioni, kama seremala. Alichora kila kilichokaa: kinyozi aliyeng'ata ulimi wake akinyoa ndevu za mteja, wanawake wawili wakisukana kwenye ngazi, mbeba mizigo aliyelala juu ya magunia yake mdomo wazi. Farasi waliingia kwenye michoro hiyo bila kubisha hodi, maana hakukuwa na barabara pale isiyopita mkokoteni. Aliwachora akiwa ng'ambo ya barabara, mgongo ukutani, kwa sababu aliwaogopa kuliko kitu chochote duniani. Ndiyo maana farasi wake walikuwa na vichwa vizuri na miguu ya kubahatisha. Chini ya magoti alikuwa akisugua kwa kidole weusi wa penseli, kikabaki kiza tu.

Siku moja mtu alisimama nyuma yake, akatazama kwa muda, kisha akasema, "Farasi wako wote wamekwama kwenye matope."

"Hayo si matope. Ni vivuli."

"Basi vivuli vyako vina kina. Mtu anaweza kuzama."

Alitaka kukasirika. Akageuka, akakuta uso mpana wenye masizi, na macho yasiyocheka pamoja na mdomo. Macho yale yalikuwa yanautazama mchoro kwa heshima. Huyo ndiye fundi wa kwato, ambaye mabandani walimwita Nyundo. Alimwambia kama anataka kuona ukwato ulivyo, aje. Ilimchukua Penseli muda mrefu kupata ujasiri. Alipokuja, Nyundo hakumcheka. Alipindua ndoo mbali na farasi, akamwonyesha akae pale. "Hapa teke halifiki," alimwambia. "Nimepima mwenyewe kwa mbavu zangu."

Kuanzia hapo alikuwa akienda, na mchoro baada ya mchoro kwato zikatoka kwenye kiza. Alimchora Nyundo ameinama, mguu wa farasi umelala pajani mwake kama mtoto wa mtu, tupa ya kusawazishia kwato mkononi. Alimchora akipiga chuma juu ya fuawe. Nyundo alikuwa na desturi ya kuongea na farasi wakati wote anapofanya kazi, kwa sauti ya chini, maneno ya kawaida tu: bado kidogo, mama, nimeona, pole, tunamaliza. Penseli alikaa juu ya ndoo akisikiliza, na siku moja, akiwa anachonga penseli yake, akajikuta anatamani kuambiwa maneno yale yale yeye.

Sasa asubuhi iliyofuata baada ya maneno ya Mama, alikwenda mabandani kwa mwendo wa mtu anayekimbia bila kutaka kuonekana anakimbia.

Nyundo alikuwa uani na farasi mgeni, jike jeupe lote, lililofungwa kwenye nguzo. Mwenye banda, mzee mnene aliyependa kusema kuliko kusikiliza, alikuwa ameegemea fimbo yake.

"Huyu nimemnunua juzi," mwenye banda alisema. "Tumempa jina la Bi Harusi. Si kwa weupe tu. Anaringa, hataki kuguswa."

"Bi harusi hana budi kuvaa viatu," Nyundo alijibu. Kisha alimwona Penseli, na tabasamu likafa usoni. "Una nini?"

Penseli alimvuta pembeni, karibu na fuawe. "Mama amejua."

"Nani kamwambia?"

"Haidhuru ni nani. Anakuja hapa. Sijui leo, sijui kesho. Amesema atakuambia mwenyewe."

"Basi afadhali. Nitazungumza naye."

"Utamwambia nini? Kwake wewe ni kama aliyemuua mume wake."

Nyundo alijifuta mikono kwenye aproni yake ya ngozi, akarudia kuifuta hata baada ya kuwa safi. "Unataka niache kazi hii?"

"Sijasema hivyo."

"Sijauliza umesema nini. Nauliza unataka nini."

Ilimshtua jinsi alivyosema kama Mama. Alimtazama, akaona kwamba amelala vibaya na kwamba swali hilo hakulizua sasa hivi. "Sijui," alimwambia. "Nikikuona umeinama chini ya mnyama, roho yangu inasimama mpaka uinuke. Kila siku. Nachora ili nisifikiri."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia ungecheka."

"Mimi namwogopa mama yako kuliko farasi yeyote niliyemshika," Nyundo alisema. "Unaona? Hujacheka." Akamgusa mgongo wa mkono kwa kidole kimoja, kwa haraka, kwa kuwa mwenye banda alikuwa akiwatazama. "Kaa kwenye ndoo yako. Nimalizane na bibi huyu, halafu twende kwa mama yako sisi wenyewe, kabla hajaja."

Penseli alikaa. Mkono ulikuwa mzito, lakini ulianza wenyewe: mstari wa mgongo, shingo, taya. Alipofika kwenye masikio akasita. Yalikuwa yamelala nyuma, yamebanwa kwenye shingo. Akatazama jicho. Ukingo mweupe ulionekana pande zote. Mkia ulikuwa umekazwa. Nyundo alikuwa ameinua mguu wa nyuma, anaongea maneno yake, na kutoka pale alipoinama hakuweza kuuona uso wa farasi. Mwenye banda alikuwa anautazama, lakini alikuwa anasimulia bei za majani. Penseli alikuwa anaichora hofu ile mstari kwa mstari, na aliijua, kwa sababu ilikuwa yake.

Alifungua mdomo kusema, Muache huyo.

"Mwanangu."

Mama alikuwa amesimama langoni. Alikuwa amevaa nguo yake ya kwendea kwa watu, mkoba umebanwa kwapani, na uso wake ulikuwa wa kijivu. Hakuwa amekanyaga kwenye mabanda ya farasi tangu alipofiwa na mumewe. Penseli akageuka. Mama akapiga hatua ndani, akaliachia lango la bati, na lango likajibamiza nyuma yake kwa kishindo.

Penseli hakuliona teke. Aliusikia mlio wake, kama gunia la unga lililotupwa chini. Alipogeuka tena, Nyundo alikuwa ameshapaa mpaka ukutani na anateremka polepole, mkono mmoja umeshika ubavu, macho wazi kama mtu aliyekumbuka jambo. Kamba ilikatika. Bi Harusi akawa anazunguka uani, kipande cha kamba kikimchapa miguuni na kumtisha zaidi, na kila alipopita ukutani kwato zake zilitua karibu na kichwa cha Nyundo. Vumbi lilipanda. Mwenye banda aliinua fimbo juu, akaanza kufoka na kupunga, na farasi akazidi.

"Inuka," Penseli alisema. Sauti haikutoka. "Inuka, inuka basi."

Nyundo hakuinuka.

Baadaye hakuweza kueleza alivyoiacha ndoo. Alijua tu kwamba karatasi ilikuwa imeanguka na miguu yake ilikuwa imekwenda mbele bila ruhusa, mpaka akawa katikati ya ua, kati ya ukuta na mnyama. Alinyoosha mikono pembeni, na kichwani hakuwa na kitu, hakuwa hata na jina lake mwenyewe.

Nyuma yake akasikia sauti ya Mama, tulivu kabisa, ikimwambia mwenye banda, "Lete hiyo fimbo."

"Nini? Mama, ondoka hapa, huyu ataua mtu."

"Unamtisha. Lete fimbo, funga mdomo." Kufoka kukakoma. Kisha sauti ile ile ikamjia yeye. "Usimtazame machoni, mwanangu. Tazama bega lake. Umeliona bega?"

"Ndiyo."

"Pumua. Mpaka tumboni. Mwongeleshe."

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Baba yako alikuwa anawaambia tulichopika."

Penseli akalitazama bega jeupe lililolowa jasho, akafungua mdomo, na maneno yaliyotoka yakawa ya Nyundo. Bado kidogo, mama. Nimeona. Pole. Tunamaliza. Aliyasema, akayarudia. Bi Harusi alipita mara nyingine, karibu mno, upepo wake ukampiga shavuni. Kisha mwendo ukapungua. Kisha akasimama, mbavu zikipanda na kushuka, ngozi ikitetemeka kuanzia shingoni mpaka mapajani. Alikuwa anatetemeka vilevile kama yeye. Penseli akashusha mkono, akaokota kamba, na pumzi ya moto ya mnyama ikamlowesha vidole.

"Usikimbie," Mama alisema. "Mtembeze mpaka bandani. Mimi nitamtazama huyu."

Alipotoka bandani alimkuta Mama amepiga magoti kwenye vumbi kwa nguo yake nzuri, kichwa cha Nyundo kiko mapajani mwake. Kwenye kona ya mdomo wa Nyundo kulikuwa na damu, nyembamba, inayong'aa.

"Mama mkwe," Nyundo alisema kwa shida. "Nilikuwa nakuja nyumbani."

"Usiongee," Mama alisema. "Na usiniite hivyo."

Hospitali haikuwa karibu na gari halikuwepo. Kulikuwa na mkokoteni. Mwenye banda alifunga farasi mzee mpole, na yeye na Penseli, aliyekuwa haoni vizuri kwa machozi, wakamtazama Mama. Kama alisita, hakuna aliyeona. Alipanda, akanyoosha miguu juu ya mbao, akasema, "Mleteni taratibu." Njia nzima alikishika kile kichwa kwa mikono miwili, na kila gurudumu lilipoingia kwenye shimo alifumba macho.

Hospitalini walimchukua Nyundo kwa kitanda cha magurudumu, mlango ukafungwa. Mwenye banda alirudi kumpeleka farasi wake. Wakabaki mama na mtoto kwenye benchi, kwenye kijia kirefu chenye harufu ya dawa, pamoja na watu wengine waliokuwa wakitazama milango mingine.

Muda ulikwenda. Muuguzi alipita mbio na beseni, hakuwatazama. Mlango ulipofunguka walimsikia mtu ndani akikohoa, kikohozi cha majimaji, kisha hawakumsikia tena.

"Yale masikio niliyaona," Penseli alisema. "Nilikuwa nayachora. Niliona anataka kupiga, na nilikuwa sijasema."

"Mimi ndiye niliyeliachia lango."

"Hukujua."

"Mke wa mwendesha mkokoteni hajui kwamba farasi hapendi kishindo?" Mama alisema. "Nilijua. Nilikuwa na hasira, nikasahau ninachokijua."

Mikono ya Penseli ilikuwa inaruka mapajani kama samaki wawili. Alijaribu kuikalia. Mama aliitazama, kisha akachomoa penseli sikioni mwa binti yake, mahali alipokuwa ameirudisha bila kujua, akafungua mkoba, akatoa karatasi ya kahawia ya kukatia mitindo ya nguo.

"Nichore," alisema.

"Mama, siwezi sasa."

"Mkono usio na kazi hufikiri mabaya. Nichore. Umechora mtaa mzima, mimi hujanichora."

"Hujawahi kukaa."

"Leo nimekaa."

Basi akaanza. Mistari ya kwanza ilitoka imepinda. Akafuta kwa kidole, akaanza tena. Paji la uso. Mkunjo kati ya nyusi, uliokuja kwa kutazama sindano. Alikuwa amekula meza moja na uso huu maisha yake yote, na hakuwa amewahi kuutazama kwa namna hii, polepole, sehemu kwa sehemu. Alipofika machoni akasita kama alivyosita uani asubuhi. Kulikuwa na hofu pale, lakini haikuwa ya leo. Ilikuwa imekaa muda mrefu, imejitengenezea makunjo yake.

"Unaogopa nini, Mama?" aliuliza. "Farasi?"

"Farasi ni mnyama tu. Yule wa leo ameogopa, akapiga. Sina ugomvi naye." Mahali fulani chuma kiligonga sakafu, na wote wawili wakashtuka. "Naogopa jioni. Baba yako alipokuwa hai, nilikuwa naweka maji ya kuoga nje, kisha nasikiliza. Magurudumu yake nilikuwa nayajua kati ya yote. Akichelewa, sili, sikai. Nilimpenda, na kila jioni nilikuwa namchukia mpaka nisikie yale magurudumu. Hakuna aliyenionya kwamba ndiyo ndoa yenyewe. Sikutaka wewe ujifunze kusikiliza hivyo."

Penseli alikuwa ameacha kuchora. "Nimeshajifunza," alisema. "Akiinama tu, nasikiliza."

"Najua. Nimekuona leo ulivyokwenda kusimama pale. Nilitaka kukuita urudi." Mama aliangalia mikono yake. "Nikaona ukirudi, hutanisamehe. Na mimi nisingejisamehe. Hofu ilikuwa huku na huku, nikachagua hii."

"Ungekuwa na uwezo wa kurudi nyuma, ungeolewa naye tena? Baba?"

Mdomo wa Mama ukatetemeka upande mmoja, kitu kilichokuwa karibu na tabasamu.

"Ningemwambia asimalize ile chai," alisema. "Ningemchelewesha. Lakini ningeolewa."

Mlango ukafunguka. Muuguzi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya watu waliochoka kusema jambo lilelile, alisimama akafuta mikono.

"Nani yuko na yule aliyepigwa na farasi?"

Waliinuka pamoja. Karatasi ikaanguka.

"Mbavu zimevunjika, moja imegusa pafu," muuguzi alisema. "Tumemwekea mpira wa kutoa damu. Leo na kesho ndizo za kuangalia, siwezi kuwaahidi zaidi ya hapo. Anaingia mtu mmoja tu, na awe mtu wake. Nani ni mtu wake?"

Penseli alifungua mdomo. Alitafuta neno la kujiita. Rafiki lilikuwa dogo, na lile kubwa hakupewa na yeyote. Alisimama pale kama mtoto aliyeulizwa swali ubaoni, huku muuguzi akianza kuukokota mlango kuufunga.

"Huyu hapa," Mama alisema. "Ni mchumba wake."

Penseli akamgeukia. Mama hakumtazama. Alikuwa ameinama kuokota karatasi, akaipangusa vumbi, akaikunja pembeni kwa uangalifu wa fundi nguo.

"Mama."

"Nenda. Mimi nitakaa hapa. Kusubiri ni kazi ninayoijua."

Ndani kulikuwa na mwanga mkali na kitanda kirefu, na Nyundo juu yake, mfupi kuliko siku zote. Masizi yalikuwa yameoshwa. Bila masizi alionekana mdogo, mtu ambaye angeweza kuvunjika. Penseli alisogea kwa kunyata, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Farasi ameumia?" Nyundo aliuliza. Kila neno lilikuja na pumzi yake.

"Hapana. Yuko bandani. Usiongee."

"Mama yako amekasirika?"

"Amemwambia muuguzi kwamba mimi ni mchumba wako."

Nyundo alifumba macho. Yalikaa yamefumbwa muda mrefu, hata Penseli akainuka nusu kutoka kitini, akataka kuita mtu. Kisha yakafunguka.

"Basi leo siwezi kufa," alisema. "Nitakuwa nimemkosea adabu."

Penseli alitaka kucheka, kikatoka kilio, na akakiziba kwa mkono wenye weusi wa penseli, ukabaki shavuni. Nyundo aliuona weusi ule, akainua kidole kimoja kutoka juu ya blanketi, lakini hakikufika. Penseli ndiye aliyeushusha uso wake ukakikuta.

"Bado kidogo," alimwambia. "Nimeona. Pole."

Nyundo akalala usingizi, kidole chake kikiwa pale pale. Penseli hakujisogeza. Alitazama blanketi likipanda, likishuka. Kila liliposhuka aliogopa, na kila lilipopanda akapumua nalo, na nje ya mlango akasikia benchi likilia, Mama akikaa vizuri.